Walii Asiyeweza Kufuatisha

Pak Sarwidi aliporudi kutoka hospitali, watu wa kijiji chetu, Karangluhur, walimjia na machungwa na maswali. Machungwa waliyaweka mezani. Maswali walimwekea usoni.

"Pak, mimi ni nani?" aliuliza Bu Karsinah wa nyumba ya pili, ameinama mpaka pua yake inakaribia kugusana na ya mgonjwa.

"Wewe ni jirani yangu. Mumeo anafuga bata, na bata wake wanakula mpunga wangu."

Sebule nzima ikacheka kwa furaha. Mgonjwa anafahamu. Lakini Bu Karsinah hakuja na kilo mbili za machungwa ili aridhike upesi hivyo.

"Haya, sema jina langu. Fuatisha: Karsinah."

Pak Sarwidi akafungua mdomo. "Kansari," akasema. Alijua papo hapo kwamba si hilo, akakunja uso, akajaribu tena. "Sarkina. Kasi... Kanisa."

"Kanisa," alirudia Bu Karsinah, ambaye mwaka uliopita tu alikwenda umra. Akajinyoosha, akamgeukia mke wa mgonjwa, akanong'ona kwa sauti iliyofika hadi jikoni: "Maskini, Bu Ngatirah. Amekwisha."

Baada yake wakaja wengine, na kila mmoja alitaka jina lake. Mwenye duka la mbolea alitaka jina lake pamoja na la duka. Muadhini alileta jina refu la babu yake aliyewahi kusoma Makka. Pak Sarwidi alikaa kwenye kiti cha mwanzi, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, akijaribu moja baada ya jingine na kuyavunja yote, huku jasho likimtoka kama mtu anayepakua mifuko ya saruji. Walipoondoka, walisema njiani kwamba amekonda, kwamba machungwa yalikuwa mengi, na kwamba akili imemhama.

Ukweli ni kwamba kiharusi kilimwonea huruma. Kilimkuta nyuma ya nyumba anatia upepo baiskeli, kikamwangusha, kikamlegeza mkono na mguu wa kulia. Kufikia siku ya kutoka hospitali mkono ulikuwa umerudi, na mguu nao ulikuwa unakuja nyuma yake kwa kusitasita. Kilichobaki ni hili jambo la maneno. Nalo lilikuwa limempata mtu ambaye, tangu alipostaafu kazi ya tarafa, ndiye aliyekuwa akitoa hotuba ya kukaribisha wageni kwenye kila harusi ya Karangluhur. Hotuba zake zilikuwa nzuri na ndefu. Sisi tulizoea kula wali uliopoa kwa heshima yake, na sitasema uongo, wako waliosikia habari ya ugonjwa wakafikiria kwanza chakula cha moto.

Kilichofanya jambo lenyewe lisiwe la kuchekesha ni kwamba harusi iliyokuwa inakuja ilikuwa ya Wening, binti yake wa pekee. Hapo hakutakiwa kukaribisha wageni. Alitakiwa kuketi mezani, kumshika mkono bwana harusi, na kutamka maneno ya kumuoza mbele ya kadhi na mashahidi wawili. Kadhi husema, walii, yaani baba anayeoza, hufuatisha. Ndivyo ilivyofanyika kwa kila mtu.

*

Siku ya kurudi kwa daktari walikwenda wanne: mgonjwa, mkewe, Wening, na Sutarno, mdogo wake Pak Sarwidi. Sutarno ndiye aliyepata gari. Alikuwa anagombea ukuu wa kijiji mwaka ule, na gari la kuazima lilikuwa limebandikwa picha yake milango yote, kwa hiyo kila aliyemwona mgonjwa akishushwa alimwona pia mgombea akimshusha.

Daktari alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, jina lake Meilani. Alimwambia Pak Sarwidi afumbe macho, afumbue, aguse sikio la kushoto kwa mkono wa kulia. Akafanya yote. Kisha akamwambia, "Nisimulie ulivyoanguka."

"Nilikuwa natia upepo tairi la nyuma," alisema Pak Sarwidi. "Mkono ukawa mzito kama si wangu. Nikamwita mama Wening, lakini alikuwa anakaanga tempe, mafuta yanapiga kelele. Nikalala chini nikawa natazama mare... marepa... matunda ya jirani, yale mabivu. Nikasema, nikifa hapa, nitakufa nimeangalia mapera ya mtu mwingine."

Daktari akatabasamu. "Vizuri. Sasa fuatisha maneno yangu. Mwokaji mikate alifurahi sana leo asubuhi."

Pak Sarwidi alimtazama mdomo kwa makini, kama anayetaka kuyadaka yakiwa bado hewani. "Mwo... moka... mikaji." Akatikisa kichwa. "Kuna mtu wa mikate. Ana raha."

Bu Ngatirah akaangalia sakafu. Sutarno akaguna. Daktari peke yake ndiye aliyeonekana kupendezwa.

"Mmemsikia? Ameelewa," alisema. "Amebeba maana yote, ila hakuweza kubeba maneno. Sehemu ya ubongo inayosikia na kuelewa ni nzima. Sehemu inayotunga maneno na kuyatamka, nayo ni nzima. Kilichoharibika ni nyuzi zinazoziunganisha hizo mbili. Damu ilikosa kufika pale, nyuzi zikafa. Akisema ya kwake, anasema, hata kama neno moja moja litampotea. Ukimpa ya kwako afuatishe, yanaharibika njiani. Majina na namba ndiyo magumu zaidi."

"Kwa hiyo barabara imekatika," alisema Sutarno.

"Tunaweza kusema hivyo."

Uso wa Sutarno ukang'aa. Barabara alikuwa anaifahamu. Alikuwa ameahidi kilomita mbili. "Basi itengenezwe, Daktari. Dawa gani inatakiwa? Usiogope kututajia, sisi si watu wa kushindwa."

"Bwana, ubongo hautiwi lami. Kuna mazoezi, na anaweza kupata nafuu kidogo kidogo."

"Nafuu ndani ya mwezi?" aliuliza Bu Ngatirah. "Tuna harusi."

"Ndani ya mwezi nisiwadanganye, mama. Ila mwacheni aseme kwa maneno yake. Msikae mnamlazimisha kufuatisha. Hapo ndipo palipoumia."

Hiyo ndiyo iliyokuwa kauli muhimu kuliko zote siku ile. Sutarno hakuisikia kwa sababu simu yake ilikuwa inaita. Bu Ngatirah hakuisikia kwa sababu alikuwa anahesabu wiki kichwani. Wening aliisikia, lakini alikuwa mtoto wa nyumba ile na watu wazima walikuwa wameshasimama.

*

Kadhi wa eneo letu, Pak Mukhlasin, alikuja nyumbani jioni moja kukagua mambo ya akadi, yaani ya kufunga ndoa. Alikuwa mtu mwembamba, mpole, aliyeogopa makosa. Alivua viatu mlangoni, akakaribishwa chai na tempe za moto, vile vipande vya soya alivyokaanga Bu Ngatirah kwa kuuza, na Sutarno akaanza kabla hajameza.

"Pak Kadhi, tusizungushane. Sheria iko wazi. Baba akipoteza akili, uwalii unahama. Baba yetu amekufa, kaka hana mtoto wa kiume. Anayefuata ni mimi. Sikuomba, lakini nitafanyaje, ni damu yangu."

"Hajapoteza akili," alisema Bu Ngatirah.

"Shemeji, mimi sisemi kwa ubaya. Nasema kwa ajili ya familia. Haji Kasmuri mwenyewe amenipigia."

Haji Kasmuri alikuwa baba wa bwana harusi, mwenye maduka ya vifaa vya ujenzi huko Cilacap. Alikuwa amesema kwamba yeye hana neno kabisa, ugonjwa ni wa Mungu, ila video itatazamwa na jamaa wengi, na je, huyo mdogo mtu si anapendeza kwenye picha?

Walizungumza hivyo robo saa nzima, na Pak Sarwidi ameketi katikati yao kama kabati linalotafutiwa pa kuwekwa. Mwishowe kadhi, kwa aibu, akamgeukia.

"Pak Sarwidi, samahani. Leo ni siku gani?"

"Jumatano. Kesho kuna soko."

"Huyu anayeolewa ni nani?"

"Mwanangu Wening. Na wewe, Pak Kadhi, soksi zako hazifanani."

Kadhi akarudisha miguu chini ya kiti. "Akili anayo," alisema. "Tena kunizidi. Haya, tujaribu. Fuatisha taratibu: Nakuoza wewe, Fathurrozi bin Haji Kasmuri..."

"Nakuoza wewe, Fathu... Futharo... Razu..." Pak Sarwidi akafuta mdomo. Aliyasikia yote. Angeweza kusema kosa liko wapi katika kila neno alilolitoa. Alipolirudia kulitengeneza, lilitoka na kosa jipya.

Sutarno alijiegemeza kwenye kiti bila kusema kitu, jambo ambalo kwake lilikuwa ni kusema mengi.

"Iko njia nyingine," alisema kadhi haraka. "Nipe mimi uwakala, nimuoze kwa niaba yako. Si aibu. Wazima wengi hufanya hivyo, wakiogopa watu au kamera."

"Nimesema kwenye harusi za watoto wa watu miaka yote hii," alijibu Pak Sarwidi polepole. "Ya mwanangu nikae kimya?"

Bu Ngatirah aliinua sahani ya tempe iliyokuwa bado imejaa, akaipeleka jikoni, akairudisha.

Walikubaliana hivi: Pak Sarwidi atafanya mazoezi. Akishindwa siku yenyewe, atatoa uwakala. Na Sutarno atakaa karibu na meza, tayari, endapo itahitajika, mwenye kofia mpya.

*

Mazoezi aliyasimamia Sutarno. Alirekodi maneno ya akadi kwa sauti yake ndani ya simu ya Bu Ngatirah, yakawa yanapigwa tangu mwanga unapotoka: Nakuoza wewe, Fathurrozi bin Haji Kasmuri, binti yangu Wening Lestari, kwa mahari ya gramu ishirini na tano za dhahabu na nguo za swala, taslimu. Yalipigwa Bu Ngatirah akikaanga, yalipigwa akiuza, yalipigwa Pak Sarwidi akioga. Wateja waliosubiri tempe zao walianza kuyasema chini chini. Bu Karsinah aliyasema akifagia. Mumewe aliwaambia bata. Wiki ya pili haijaisha, Karangluhur yote ingeweza kumuoza Wening bila kukosea herufi, isipokuwa baba yake.

Alijitahidi, hilo tulimwona. Alikaa barazani na simu magotini, midomo inakwenda. Akipata "Fathurrozi" anampoteza "Kasmuri". Akimpata "Kasmuri", dhahabu inakuwa gramu hamsini, na siku moja ikawa kilo.

"Baba Wening, ni mstari mmoja tu," alisema Bu Ngatirah asubuhi moja, mafuta yamemrukia mkononi na wateja wanaita. "Mstari mmoja. Mtoto wa chekechea anauweza."

Pak Sarwidi aliweka simu chini kwa adabu, kama ya mtu mwingine. Akatoka nyuma ya nyumba. Mkewe alipomaliza wateja alimkuta amesimama kwenye bomba, anapiga mkono wa bomba juu chini na maji yanamwagika ovyo, na uso wake umelowa kote, isijulikane kipi ni maji ya bomba. Bu Ngatirah alishika mkono wa bomba, akausimamisha. Alitaka kuomba radhi, lakini ndoa yao haikuwa na mazoea hayo.

"Njoo ule," alisema.

Siku mbili kabla ya harusi alikuja mtu wa kukodisha viti. Wening alikuwa dirishani anapiga pasi nguo za kupokelea wageni, akasikia sauti ya baba yake nje.

"Hivi ndivyo viti tulivyokubaliana? Hiki kina miguu mitatu. Atakaa nani, jini? Wewe ulikuja hapa ukala tempe ya mke wangu ukasema viti vipya. Vipya vya mwaka gani? Chukua hivi kumi rudisha, na usiniletee vile vya msi... vya msiba, vina alama ya msiba nyuma, navijua, nimevikalia."

"Haya, Pak. Haya. Nabadilisha leo leo."

Wening akaacha pasi. Neno moja tu lilikuwa limemkwaza baba yake katika maneno yote yale. Alikumbuka sauti ya chini ya daktari. Akaenda moja kwa moja kwa Sutarno, aliyekuwa anapanga kalenda zenye picha yake, kila mgeni na yake.

"Baba mdogo, tusimlazimishe kufuatisha. Aseme kwa maneno yake. Daktari alisema."

"Mwanangu, akadi si ugomvi wa viti. Maneno ya akadi yana utaratibu wake."

"Tumuulize Pak Kadhi."

"Pak Kadhi ana harusi nne siku hiyo hiyo. Usimtie wasiwasi, unajua alivyo. Mambo yote yako tayari, wewe tulia upendeze." Akampa kalenda moja.

*

Siku ya harusi turubai lilifunika uwanja mpaka kwenye mapera ya jirani. Haji Kasmuri alikuja na mabasi madogo matatu ya jamaa na mpiga video wake. Sutarno alimwita huyo mpiga video pembeni, wakaongea kidogo, wakapeana mikono. Tulidhani ni ukarimu.

Meza ilitandikwa kitambaa cheupe. Upande huu Pak Sarwidi, amevaa kofia nyeusi na koti lililokuwa linamkaa vizuri kabla hajaugua. Upande ule Fathurrozi, kijana mrefu mwenye shahada ya uhandisi, ambaye wote walimwita Rozi. Wening ameketi ubavuni mwake, shela moja jeupe limefunika vichwa vyao wote wawili. Kadhi yuko kati, anatazama saa. Mashahidi wawili wazee wako pembeni, mmoja wao alikuwa amesafiri tangu alfajiri na macho yake yalikuwa yanafunga na kufunguka.

Pak Sarwidi akamshika Rozi mkono. Kadhi akasogeza kipaza sauti, akaanza, kifungu kidogo kidogo.

"Nakuoza wewe, Fathurrozi bin Haji Kasmuri."

"Nakuoza wewe, Fathurro... Fathurrahi bin Haji... Kasuku."

Kipaza sauti kilikuwa kizuri, kilifika mpaka barabarani. Nyuma kabisa mtu alicheka, akakanyagwa mguu. Haji Kasmuri alitazama mbele bila kupepesa, kama anayepigwa picha ya kitambulisho.

"Tuanze upya, Pak, hakuna haraka," alisema kadhi, akatazama saa.

Mara ya pili jina la bwana harusi lilipita, watu wakavuta pumzi, lakini mahari yalikuwa "marahi", dhahabu ikawa "dahabuza", na gramu hazikufika kabisa. Jasho lilimshuka Pak Sarwidi toka chini ya kofia. Bu Ngatirah, safu ya mbele, midomo yake ilikuwa inayatamka maneno yote sawasawa bila sauti, na hakujua kama inafanya hivyo.

Sutarno akasimama, akarekebisha kofia. "Ndugu zangu, tumejaribu, Mungu ni shahidi. Kwa heshima ya kaka yangu..."

"Kaa kwanza," alisema kadhi. "Kuna uwakala. Pak Sarwidi, inatosha, umejitahidi. Nipe uwakala tu. Ni maneno machache. Fuatisha: Nakuwakilisha wewe, Mukhlasin bin Abdulmanan, umuoze binti yangu..."

Alinyamaza mwenyewe kabla hajamaliza. Alikuwa ameona alichokifanya. Pak Sarwidi alimtazama kwa upole, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kutafuta ufunguo ambao ameushika mkononi.

"Nakuwa... nakuwala..." alijaribu hata hivyo, kwa adabu.

"Basi hata uwakala hawezi," alisema Sutarno, bado amesimama. "Pak Kadhi, tuamue."

Hapo shela likatikisika. Wening alitoa kichwa nje. Bibi harusi wa kwetu huwa hasemi mezani, na mama mmoja wa upande wa Cilacap aliweka mkono mdomoni.

"Samahani, Pak Kadhi. Niruhusu nimuulize baba swali." Hakusubiri aruhusiwe. "Baba, usifuatishe mtu yeyote. Huyu Rozi umemshika mkono. Mwambie unataka kumfanyia nini."

Pak Sarwidi alimtazama binti yake, kisha yule kijana, ambaye mkono wake ulikuwa umelowa jasho la wote wawili. Tulisikia mafuta yakichemka jikoni.

"Wewe Rozi," alisema. "Huyu ni Wening, mwanangu wa kumzaa. Sina mwingine. Leo nakuoza. Mimi baba yake nakuoza, awe mke wako kuanzia sasa. Mahari yake umeleta, nimeyaona kwa macho, ile dhahabu na zile nguo za kusali, hakuna deni. Akichelewa kuamka usimpigie kelele, mama yake ndiye aliyemdekeza. Akiumwa, mshu... mshughulikie wewe, usimwachie dada zako. Na siku ukimchoka, usimtupe barabarani. Mlete hapa. Mimi nitakuwa nimekaa palepale barazani. Haya, mchukue."

Bu Karsinah alikuwa ameshika kalenda ya Sutarno usoni, analia nyuma yake.

Kadhi alikuwa anahesabu kwenye vidole chini ya meza: anayeoza, anayeoa, anayeolewa, tamko. Alirudia kuhesabu, maana aliogopa makosa.

"Hakutaja gramu," alisema Sutarno. "Wala hakutaja jina kamili."

"Amemshika mkono, kamili ipi tena? Na gramu si nguzo ya ndoa, Pak Sutarno." Sauti ya kadhi ilikuwa na ukali ambao hatukuwahi kuusikia kwake. "Bwana harusi, jibu. Upesi, wakati bado maneno yana joto."

Rozi alikuwa amekariri jibu lake kwa mwezi mzima, lakini alikuwa amelikariri lije baada ya neno "taslimu", na "taslimu" halikuja. Akaruka ndani hivyo hivyo. "Nimekubali kumuoa Sarwidi binti Wening."

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Kadhi akamwambia arudie. Akasema amekubali kumuoa Wening binti Kasmuri, yaani dada yake. Sutarno akampigapiga mgongoni. "Kawaida, kijana, kawaida. Ni presha tu. Hata mimi nilikosea." Haji Kasmuri alicheka kuliko wote, akiwaambia walio karibu kwamba wasomi ndivyo walivyo. Hakuna aliyeuliza leo ni siku gani, wala aliyemtaka aguse sikio.

"Polepole," alimwambia Pak Sarwidi, akimkaza mkono. "Mimi siendi popote."

Mara ya tatu Rozi akapata. Kadhi akawageukia mashahidi. "Imesihi?"

"Imesihi," alisema wa kwanza. Wa pili akafumbua macho, akasema imesihi, na watu wakapokea kwa sauti moja, dua ikasomwa, na sufuria zikaanza kufunuliwa. Wali ulikuwa wa moto.

Ni wakati wa kula ndipo Haji Kasmuri alipomwita mpiga video amwonyeshe kipande cha akadi. Walitazama kwenye kioo kidogo vichwa vimegusana. Sauti ya Pak Sarwidi ilisikika yote, safi. Lakini picha, tangu "Wewe Rozi" hadi "mchukue", ilikuwa ni uso wa Sutarno, karibu kabisa, akirekebisha kofia, akitazama kulia, akitazama kushoto, akikaza taya.

"Niliambiwa mzee mwenye kofia mpya ndiye anayeoza," alisema mpiga video. "Nilipewa na pesa ya soda."

Sutarno alikuwa amekumbuka jambo la haraka sana upande wa mabasi.

Haji Kasmuri alikwenda mwenyewe kwa Pak Sarwidi, aliyekuwa ameketi na sahani magotini, Bu Ngatirah anamchambulia mifupa ya kuku. Mpiga video alimfuata, kamera imeshawashwa.

"Pak Sarwidi, maneno yako yamenigusa. Kweli kabisa. Naomba tu jambo dogo. Turudi mezani, wewe na Rozi mshikane mkono, uyaseme tena yale yale. Dakika mbili. Kwa ajili ya video."

Bu Ngatirah akaacha kuchambua. Watu wa meza za jirani wakageuka.

Pak Sarwidi alitazama upande wa meza nyeupe. Wening na mumewe walikuwa wameshaondoka pale, wamesimama kwenye foleni ya wageni, mkono wa yule kijana uko mgongoni kwa binti.

"Siwezi, Haji," alisema. "Nilikuwa na binti mmoja, na nimeshamtoa."

Akachukua kipande cha kuku alichochambuliwa, akala.